Vidonge vya 5-HTP kwa mjamzito: chupa niliyoirudisha dukani

Niliinunua kwa shilingi 45,000 katika duka moja la virutubisho jijini Dar es Salaam: chupa nyeupe ya plastiki yenye vidonge 60 vya 5-HTP, kila kimoja miligramu 100. 5-HTP ni kemikali ambayo mwili huigeuza kuwa serotonini, ile inayopeleka ujumbe kati ya seli za neva. Mdogo wangu alikuwa na mimba ya miezi mitatu na usingizi ulikuwa umemkimbia. "Mpelekee hii, dada," muuzaji aliniambia. "Inaongeza serotonini, na mtoto atazaliwa na akili." Chupa ilikuwa imefungwa vizuri, tarehe ya mwisho wa matumizi inasomeka, na kiambato kimetajwa wazi kuwa ni mbegu za Griffonia simplicifolia, mmea wa Afrika Magharibi. Ninachokilalamikia ni ile ahadi.

Ni kweli kwamba serotonini ina kazi kubwa katika ubongo wa mtoto aliye tumboni, tena kazi tofauti na hii ya hisia na usingizi tuliyozoea kuisikia, kwa kuwa katika hatua hizo za mwanzo huwa ni ishara ya ujenzi, inayochangia kuamua seli za neva zigawanyike vipi, zihamie wapi na nyuzi zake zielekee upande gani. Mwaka 2011 watafiti walionesha kwamba kondo la nyuma la panya hutengeneza serotonini lenyewe kutokana na triptofani ya mama, kijenzi cha protini kinachopatikana katika chakula, na serotonini hiyo huufikia ubongo wa mbele wa kijusi kabla neva zake zenyewe hazijafika huko.

Lakini ujenzi huo unataka kipimo. Panya wasio na kimeng'enya cha MAO-A, ambacho huvunja serotonini, hulimbikiza kemikali hiyo kupita kiasi, na ile sehemu ya ubongo inayopokea habari za masharubu, ambayo kwa kawaida hujipanga katika viduara, kila sharubu na kiduara chake, haipati mpangilio huo. Watafiti walipozuia utengenezaji wa serotonini katika siku za kwanza baada ya panya hao kuzaliwa, viduara vilijitokeza. Panya si binadamu, nakubali, ila usalama wa 5-HTP kwa wajawazito haujathibitishwa, na jambo hilo peke yake lingetosha kumzuia muuzaji.

Kuna jingine linalonitia wasiwasi zaidi. Triptofani tunayoipata katika mayai, dagaa na maharage hupita kwanza kwenye kimeng'enya kinachodhibiti kasi ya kutengeneza serotonini. 5-HTP ni zao la hatua hiyo, yaani imekwisha kuvuka kizuizi hicho, kwa hiyo anayeimeza anauondolea mwili breki yake. Anayetumia dawa za sonona ndiye hasa asiiguse bila daktari wake kujua, kwa sababu serotonini inaweza kupanda hadi kiwango cha hatari. Wala asiziache dawa hizo kwa uamuzi wake mwenyewe.

Nyumbani nilibandua stika ya bei kwa ukucha, na chini yake nikakuta maandishi madogo: mjamzito asitumie bila ushauri wa daktari. Mdogo wangu alikwenda kliniki, chupa ikarudi dukani haijafunguliwa. Muuzaji alinirudishia fedha zote bila ubishi. Nilimwomba abandike bei pembeni ili onyo lionekane. Alifanya hivyo kwa chupa ile moja, na nyingine zilizokuwa kwenye rafu akaziacha zilivyokuwa.