TAHADHARI: Wanaodai watakutoa kwenye wiki yako ya hoteli Marekani

Ndugu zangu wa Mwanza, hasa mliowahi kuishi Marekani mkarudi, au mwenye mzazi wa namna hiyo: msitume hela kwa mtu yeyote kabla hamjasoma hii.

Shangazi yangu alifanya kazi ya uuguzi Florida miaka mingi. Akiwa huko alialikwa kifungua kinywa cha bure kwenye hoteli moja ya Orlando, akatoka amesaini kununua wiki moja ya kila mwaka, ile wenyewe wanaiita taimushea. Ukishanunua, kila mwaka unalipa ada ya matunzo, uende usiende, na ada yenyewe hupanda. (Mwenye mtoto Florida amwambie: sheria ya kule inampa mnunuzi siku 10 za kuvunja mkataba. Zikipita, umeshikwa.) Sasa amestaafu, yuko Buswelu na kuku wake. Orlando haendi tena, ila bili inamfuata kwa dola.

Akapigiwa simu na kijana wa kampuni fulani, mpole, anajua jina la hoteli na hata namba ya mkataba. Lipa dola 3,200, akasema, tunahamisha umiliki na hutadaiwa tena. Akaongeza masharti mawili: usiilipe hoteli tena, na usizungumze nayo, wanasheria wetu watamaliza. Shangazi akatuma kupitia benki. Wiki tatu baadaye ikaja karatasi yenye mhuri mwekundu kwamba ameachiliwa. Tulichinja kuku siku ile, tukamshukuru Mungu.

Baada ya miezi 14 hoteli ikaleta deni: ada mbili pamoja na faini.

Kilichoniuma kuliko hela ni kwamba alikaa na barua hiyo miezi minne kimya, kwa aibu. Mtu aliyetusomesha nusu ya ukoo anaona haya kutuambia kapigwa. Waulizeni wazee wenu, tena waulizeni kwa upole.

Aliponionyesha, nikaingia mtandaoni. Hati za Orlando husajiliwa kaunti ya Orange, na daftari lake liko wazi, unatafuta kwa jina bila malipo. Ikatokea hati moja tu, ile aliyonunulia. Hakuna kilichohamishwa. Wenye pikipiki mtanielewa haraka: umemuuzia mtu boda, mmeandikiana karatasi, lakini kadi bado ina jina lako kule TRA. Akigonga mtu, anayetafutwa ni wewe.

Haikuishia hapo. Akapiga mwingine, anajitambulisha kuwa ofisa wa serikali ya Marekani: wezi wamekamatwa, hela yako ipo, lipa kodi dola 900 uichukue. Nikamwomba shangazi simu, nikakata. Julai 2024 FBI na Wizara ya Fedha ya Marekani walitoa ilani ya pamoja kuhusu magenge ya Mexico yanayowatapeli wenye taimushea, na mchezo huu wa kumrudia aliyekwisha kuibiwa, kwa kujifanya serikali au wanasheria, umo humo. Ukipokea simu ya hivyo, ujue namba yako iko kwenye orodha yao. Wakikupigia kwa namba za hapa nyumbani, zitume kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu.

Njia iliyo salama ni ya polepole. Anza na hoteli yenyewe, kwa namba iliyoko kwenye bili, na uulize kama wanapokea umiliki urudi kwao. Hoteli nyingi kubwa zina mpango huo, ilimradi huna mkopo wala ada unayodaiwa. Ukimpata mtu wa kumpa, hela ikae kwa mtu wa tatu mwenye leseni, na hoteli ikuandikie barua kuonyesha unadaiwa nini na kama yenyewe ina haki ya kununua kwanza. Anayetaka malipo yote kabla ya kazi, achana naye. Na usihesabu kwamba umetoka mpaka uone hati mpya yenye namba ya usajili kwenye daftari la kaunti, na hoteli ikiri kwa maandishi kwamba vitabu vyake vimebadilishwa. Vyote viwili.

Saini ya hati ya kuhamisha umiliki nayo inataka kushuhudiwa. Shangazi alipanda basi hadi ubalozi wa Marekani, Dar es Salaam, kwa miadi. Kila mhuri dola 50. Alisaini mwezi uliopita, baada ya kumaliza deni. Naangalia daftari la Orange kila Jumatatu, bado jina lake lipo.

Mwenye hati kama hii asiyejua pa kuanzia anitumie ujumbe, tutakaa tutafute jina lake pamoja. Sitaki hela ya mtu.