Tahadhari: laptopu za "GB 16" zinazouzwa Kampala zikiwa na GB 4 ndani

Wandugu mnaotafuta laptopu zilizotumika hapa Kampala, hasa wanafunzi mnaoshuka kutoka Arua au mnaovuka mpaka kutoka Kongo na Kenya: kuna duka katikati ya jiji, kwenye jengo la vijiduka vya simu, linalouza mashine zenye RAM (kumbukumbu ambayo kompyuta huitumia ikiwa kazini) ya GB 4 kwa bei ya GB 16. Jina silitaji. Ubao wa dukani ulishabadilishwa, na sitaki jirani yake asiye na hatia aponzwe. Ninaloweza kuwapa ni mchezo wenyewe ulivyo, maana huo unaweza kuhamia duka lolote.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Kijana wa mwaka wa kwanza aliniletea mashine "inayokwama". Risiti yasema milioni 1 na laki 4, stika yasema prosesa ya i7 na RAM GB 16, lakini akifungua Word na kurasa chache za intaneti kila kitu kinaganda. Yeye alishaamua ni virusi. Nilipomuuliza kuhusu RAM akasema, "Kaka, hiyo niliiona kwa macho yangu, kwenye lile dirisha jeusi."

Hapo ndipo wizi huu ulipopata akili. Muuzaji ameweka kwenye skrini alama iliyoandikwa "Check RAM". Akiibofya, dirisha jeusi linafunguka, maandishi meupe yanateremka harakaharaka, na mwisho yanasimama: RAM 16 GB, OK. Nani atabisha? Nilibofya alama ile kwa kitufe cha kulia nikachagua Edit. Ndani hamkuwa na kipimo chochote. Ilikuwa mistari ya echo mwanzo hadi mwisho, na kazi ya echo ni kuchapa sentensi uliyoiandika mwenyewe. Ukiiandikia GB 500, itachapa GB 500 bila haya. Hata jina la prosesa kwenye ukurasa wa mfumo wa Windows hubadilishwa kwa kuhariri rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), na kijiprogramu kidogo hulirudisha jina la uongo kila mashine inapowaka.

Kwa hiyo amri iandike kwa mkono wako, muuzaji akiwa ametoa mikono yake kwenye kibodi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika powershell -NoProfile, kisha:

Get-CimInstance Win32_PhysicalMemory | Format-Table DeviceLocator, Capacity, PartNumber, SerialNumber

Kila kipande cha RAM kinapata mstari wake. Ukubwa unatajwa kwa baiti, usiogope urefu wa namba: 4294967296 ni GB 4, na 8589934592 ni GB 8. Mashine ya yule kijana ilitoa mstari mmoja tu, unaoanza na 429. Kuna wanaotumia bado amri ya wmic memorychip, nayo ni nzuri kwa Windows za zamani, ila Microsoft wanaiondoa na kwenye mashine mpya huenda usiikute.

Mimi lakini siiamini Windows iliyowekwa na muuzaji. Nakwenda na flashi yangu yenye Ubuntu (mfumo mwingine badala ya Windows), nawasha mashine kwa flashi hiyo bila kugusa diski yake, nafungua Terminal, halafu naandika free -h, na baada yake sudo dmidecode -t memory; zote mbili zinaonyesha RAM iliyomo. Hila zote alizozipanda ndani ya Windows zinabaki zimelala kwenye diski. Akikukatalia kuwasha kwa flashi, mwambie "webale ssebo" (asante bwana) ushuke ngazi.

Sasa angalia vizuri unasoma mstari upi, maana wajanja wanajua kuelekeza kidole. Kwenye dmidecode kuna mstari wa "Maximum Capacity". Huo unataja RAM ambayo ubao wa mashine unaweza kubeba ukijazwa, hautaji iliyomo. Iliyomo iko chini zaidi, kwenye "Size" ya kila nafasi, na nafasi tupu huandikwa "No Module Installed". Kwenye systeminfo ya Windows utaonyeshwa "Virtual Memory", na kwenye free utaonyeshwa Swap. Virtual Memory inahesabu pia sehemu ya diski inayoazimwa RAM ikijaa, na Swap ni sehemu hiyo yenyewe; diski ni ya polepole mno kulinganisha na RAM. Wewe soma "Total Physical Memory" kwenye systeminfo, au mstari wa Mem kwenye free.

Niwatendee haki wauzaji wakweli pia: mashine ya GB 8 ikionyesha 7.6 au 7.7 kwenye free, msigombane na mtu. Sehemu ndogo huchukuliwa na kifaa cha kuchora picha kwenye skrini (graphics) na mfumo wa chini wa mashine. Ila 3.7 kwenye mashine ya "GB 16" haina maelezo. Na kwa kuwa dmidecode husoma jedwali lililoandikwa na BIOS (programu ya ndani inayoiwasha mashine), ambalo mara chache hukosea, linganisha na free. Zikipishana sana, acha mashine hapo.

Halafu kuna chumba cha nyuma. Umepima, umelipa, unaambiwa, "Subiri kidogo boss, kijana akuwekee Office." Mashine inaingia na vipande viwili vya RAM, inatoka na kimoja. Ndiyo maana niliweka SerialNumber, yaani namba ya pekee ya kila kipande, kwenye ile amri: piga picha skrini kabla ya kulipa, na rudia amri ileile kabla ya kutoka dukani. RAM nyingine za bei rahisi hutoa sifuri tupu mahali pa namba. Hapo hesabu mistari na saizi, au ukatae kabisa mashine isiondoke mezani. Office utawekewa na mtu mwingine.

Risiti nayo iandikwe "RAM GB 16, vipande 2", pamoja na namba ya mashine. "Laptop moja" peke yake haikusaidii kitu. Sheria ya Uganda ya mwaka 2017 kuhusu uuzaji wa bidhaa inataka kitu kilingane na maelezo yaliyokiuza, na madai yasiyozidi shilingi milioni 10 yanasikilizwa kwa utaratibu wa madai madogo mahakamani, bila kulazimika kuwa na wakili. Yule kijana alirudi dukani na risiti yake, na picha ya lile faili la echo, nikiwa nyuma yake. Kwanza tuliambiwa RAM "imeungua njiani". Nilipotaja madai madogo, walimrudishia laki 6 na kumwomba afute picha. Hakuifuta, na milango ya mahakama bado iko wazi kwa laki zilizobaki.