Programu za Kugeuza Kodineti za Ramani Kuwa Latitudo na Longitudo: Kagua Datamu Kabla ya Kulipa

Nilinunua programu ya kugeuza kodineti za UTM (mfumo wa kutaja mahali kwa mita za mashariki na kaskazini) kwa sababu tangazo lake lilisifu kasi. Nikaiingizia orodha ya bikoni, yaani alama za upimaji ardhini, kutoka ramani ya zamani iliyopimwa kwa datamu (msingi wa umbo na mahali pa dunia ambao kodineti hupimwa kwao) ya Arc 1960, na kila bikoni ikaonekana mita 300 hivi kaskazini ya mahali ilipo. Fomula zilikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba programu ilizichukua namba zote kuwa za WGS84, datamu inayotumiwa na GPS, bila kuniuliza wala kunijulisha.

Ndiyo maana sijishughulishi hapa na kasi wala mwonekano. UTM ina kanda 60 zenye upana wa digrii 6 kila moja, kizidishi cha 0.9996 kwenye mstari wa kati, nyongeza ya mita 500,000 upande wa mashariki na mita 10,000,000 kwa maeneo ya kusini mwa ikweta, na hayo karibu kila programu huyakokotoa vizuri. Datamu ndiyo inayozitenganisha. Chukua toleo la majaribio, ingiza mashariki 500,000 na kaskazini 9,800,000 kwa EPSG:32737 (namba ya utambulisho ya UTM kanda ya 37 kusini katika WGS84), kisha rudia namba hizo hizo kwa EPSG:21037 (kanda hiyo hiyo katika Arc 1960), ukitaka majibu yote mawili katika WGS84. Jibu la kwanza ni longitudo 39 kamili na latitudo ya karibu 1.809 kusini, la pili halina budi kusogea kusini zaidi kwa takriban digrii 0.0027. Majibu yakilingana, usiinunue.

Namba moja kwangu ni QGIS, programu ya ramani, na sifichi kwamba naipendelea. Hailipiwi, na panapokuwa na njia kadhaa za kuhama kutoka datamu moja hadi nyingine, huweza kukufungulia dirisha lenye orodha ya njia hizo pamoja na usahihi wa kila moja kwa mita, ili uchague mwenyewe. Ya pili ni Geographic Calculator ya Blue Marble, iliyotengenezwa hasa kwa kazi hii na inayomfaa anayegeuza mafaili mengi kila siku. ArcGIS Pro ni ya tatu: nayo hukuonyesha njia ya kuhamisha datamu, lakini kuilipia kwa ajili ya kugeuza kodineti peke yake ni gharama isiyo na sababu.

Programu ndogo za simu na vigeuzi vya bure vya mtandaoni vinatosha ikiwa una hakika kwamba namba zako ni za WGS84.

Kinachoniudhi ni wauzaji. Maktaba ya msimbo wa kompyuta iitwayo PROJ, ambayo QGIS yenyewe huitumia kukokotoa, ni huru na mtu yeyote anaweza kuitumia bila malipo, lakini nimeombwa ada ya kila mwaka kwa programu isiyofanya zaidi ya kuivalisha vitufe. Nilipomwandikia aliyeniuzia ile ya kwanza, nikiambatanisha orodha ya bikoni zangu, alinijibu kwamba sehemu ya kuchagua datamu ipo, ila imefungwa hadi nilipie toleo la juu.