Uzoefu wangu na "Come to My Garden" ya Minnie Riperton

Wengi wanamfahamu mwimbaji Minnie Riperton kwa "Lovin' You", wimbo ulioshika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1975, na kwa ile sauti yake ya juu mno. Albamu yake ya kwanza, "Come to My Garden", iliyorekodiwa Chicago na kutolewa mwaka 1970, haikupata wanunuzi wengi ilipotoka, nami baada ya kuisikiliza mara nyingi nashikilia kwamba ndiyo kazi yake bora kuliko zote.

Siri ya albamu hii ni Charles Stepney, mtayarishaji aliyepanga ala zote. Piano alipiga Ramsey Lewis, besi Cleveland Eaton na ngoma Maurice White, ambaye baadaye alianzisha kundi la Earth, Wind & Fire. Watatu hao walikuwa wamekwisha kuzoeana katika kundi la jazz la Lewis, na mazoea hayo yanasikika: mapigo hayakazwi kama katika nyimbo za kuchezea dansi, bali yanalegezwa na kuvutwa, yakimwachia mwimbaji nafasi ya kuvuta pumzi. Gitaa la Phil Upchurch, kwa upande wake, hupita kwa adabu chini ya fidla.

Sikiliza "Les Fleur", ambao Lewis alikuwa amekwisha kuurekodi mwaka 1968. Katika maneno ya wimbo huu, ua ndilo linalozungumza. Riperton anaanza kwa sauti ya chini, karibu ya kunong'ona, hata kiitikio kinapofika, kwaya na matarumbeta vinafumuka kwa pamoja na mwili unasisimka. Filamu ya Us iliutumia mwaka 2019, na nilifurahi sana kwamba wasikilizaji wapya wangeufikia. Lakini wasiishie hapo, kwa maana katika nyimbo tulivu zaidi ndipo utagundua kwamba mwimbaji huyu alijua kuizuia sauti yake, akiipandisha juu pale tu maneno yanapodai.

Dosari zipo. Mahali pengine fidla zimejazwa kupita kiasi hadi zinamfunika, na baadhi ya mashairi ya mumewe, Richard Rudolph, ni matamu kuliko inavyohitajika.

Asiyependa muziki wa ala nyingi huenda akachoka. Kwa mwingine yeyote, nashauri aisikilize kwa mfululizo, kwa spika za masikioni ikiwezekana, kwa sababu spika ndogo ya simu huimeza besi ya Eaton, na bila besi hiyo nusu ya jazz iliyomo haisikiki.