Wahamishaji waliopima sefu kwa kiganja

Niliita wahamishaji waje kuihamisha sefu yangu ya zamani. Sefu yenyewe sina neno nayo, naipenda. Juu ya mlango bado yanasomeka maandishi ya dhahabu: Herring-Hall-Marvin, kampuni ya Marekani iliyotokana na kuungana kwa watengenezaji kadhaa mwaka 1892, kwa hiyo haiwezi kuwa na umri zaidi ya hapo. Ukitaka kuijua sefu ya zamani, jina ndilo la kutafuta kwanza. Lisipokuwepo mlangoni, angalia bawaba, kifuniko cha tundu la ufunguo au ukingo wa ndani wa mlango. Kisha pitisha sumaku. Ikikataa kunata kwenye mlango mnene, huenda ni chuma cha manganizi, chuma kitupu unene wote, na hapo hesabu ya uzito ni nyingine kabisa. Yangu ni ya kuzuia moto: bati nje, bati ndani, katikati saruji.

Vipimo niliwatumia wahamishaji mapema. Nje ni sentimita 100 kwa 70 kwa 70, ndani 70 kwa 45 kwa 40. Ukitoa uwazi wa ndani, kuta na mlango vinabaki na mita za ujazo 0.36 hivi. Zege huwa na kilo kama 2,400 kwa mita ya ujazo. Hata ukiichukulia saruji hiyo kuwa nyepesi, tuseme 2,000, unavuka kilo 700 bila kuyahesabu mabati. Niliwaandikia wazi wajiandae kwa kilo 800 hadi 900.

Msimamizi akaja na toroli ya kubebea friji. Akaipiga sefu kiganja, akaisukuma kidogo kwa bega. "Mzee, hii haivuki mia tatu." Nikamnyooshea karatasi, hakuipokea. "Hii ndiyo kazi yetu. Hesabu waachie watoto wa shule." Alisema hivyo mbele ya vijana wake, na wao ndio waliokuwa wanakwenda kusimama chini ya huo uzito!

Nilimwomba mlango ufungwe mkanda. Akanipungia mkono. Kwenye kizingiti ekseli ya toroli ikapinda, mlango ukafunguka, uzito ukahamia mbele, sefu ikaanza kuinama upande ulipokuwa mguu wa kijana mmoja. Mwenzake, mdogo kuliko wote, akasukumia kipande cha mbao chini haraka, ikasimama. Hakuna aliyeumia. Msimamizi akamfokea huyohuyo kijana kwa kuchelewa.

Baadaye walileta jeki ya magurudumu na mbao nene za kutandika sakafuni, na nikiri kwamba kuanzia hapo kazi ilikwenda vizuri sana, bila mchubuko hata mmoja. Kwa hilo nilitaka kuwapa nyota tatu. Wanajua kazi wakiamua kuifanya.

Lakini ukafika wakati wa malipo. Nikadaiwa nyongeza, kwa sababu "mzigo umezidi makadirio". Makadirio ya nani? Yangu yalikuwa kwenye simu yake tangu wiki iliyotangulia! Nikamwonyesha ujumbe, akasema yeye hasomi jumbe ndefu.

Nililipa, ili vijana wasikatwe ujira. Nyota moja, na hiyo ni ya aliyesukumia mbao. Akianzisha kazi yake mwenyewe nitamwita yeye. Hao wengine, kama msimamizi ni huyo, usiwape hata kabati.