TAHADHARI: Makasha ya umeme mkubwa ya Ex d yenye cheti kisicho chake

Wakuu, kabla hamjalipa, someni hili. Kuna muuzaji mtandaoni anauza makasha ya Ex d (yaani ya kuhimili mlipuko wa ndani) ya swichi za volti 6,600 akidai yanafaa sehemu zenye gesi na mvuke wa mafuta. Bei iko chini mno, picha zinavutia, na cheti anakutumia papo hapo. Mzigo wake uliletwa kazini kwetu, tukaukagua kabla ya kuufunga, tukaukataa.

Cheti si cha kughushi, na hapo ndipo watu wananaswa. Ukiitafuta namba yake kwenye tovuti ya IECEx (mfumo wa kimataifa wa vyeti vya vifaa vya sehemu zenye hatari ya mlipuko), ambayo ni bure kwa kila mtu, unaikuta. Lakini inaishia na herufi U, yaani kimepimwa kijenzi tu: kasha tupu. Likishafungwa swichi na nyaya ndani, linahitaji cheti kingine cha kifaa kamili. Huyu bwana amefunga vitu vyake mwenyewe, halafu anauza kwa cheti kile kile. Kwenye kibati amegonga IIC (kundi la gesi zinazolipuka kwa urahisi zaidi) na T6 (daraja la joto), wakati cheti kinasema IIB (kundi la chini yake) na hakitaji daraja lolote la joto. Haidrojeni na asetilini ziko IIC, kasha la IIB halitakiwi kabisa huko. Na T6 ni ahadi kwamba joto la uso halitavuka nyuzi 85 za Selsiasi. Nani alilipima?

Tukafungua mfuniko. Kasha la Ex d halizuii gesi kuingia. Gesi ikilipuka ndani, kasha linapaswa kuhimili, na moto unaopenya kwenye mwanya mwembamba kati ya chuma na chuma upoe kabla ya kufika nje. Sasa chuma hicho, kinachotakiwa kuwa safi na laini, amekipaka rangi nzito na kukijaza silikoni. Ubavuni ametoboa matundu ya ziada ya kebo, na vumbi la drili bado lilikuwa chini ya kasha.

Tulipomuuliza, akajibu kuwa ni IP66, hata maji hayapiti. IP66 inahusu vumbi na maji, haisemi lolote kuhusu mlipuko!

Sasa amebadilisha jina la akaunti, ila picha ni zile zile. Kama umeshafunga kasha lake, usilifungue likiwa na umeme. Kata umeme, funga swichi kwa kufuli, na usiwashe tena mpaka mkaguzi mwenye sifa za vifaa vya Ex alione.