Fimbo ya trauti kwenye mto Lufira: breki iliyonikosesha samaki

Hamjambo, ndugu watazamaji, na karibuni tena hapa Lubumbashi. Mkononi nina fimbo ya kuvulia, ile ambayo vipande vyake huingiana kama antena ya redio, nami nimerudi nayo jana jioni kutoka kando ya mto Lufira nikiwa na hasira ambayo bado haijaisha. Urefu na uzito wake mmekwisha kuviona kwenye boksi, kwa hiyo sitavirudia. Leo nataka kuwaonyesha breki ya kigurudumu chake kinachokunja mshipi, ule uzi wa kuvulia; breki ndiyo inayouachia mshipi samaki akivuta.

Wengi mmeniandikia mkiuliza kama huyu samaki aliyechorwa kwenye boksi, yaani trauti, anapatikana Lufira. Hapatikani. Trauti hustawi katika maji ya nyuzi 10 hadi 16 hivi, na yakipita 20 huanza kutaabika. Ndiyo maana Kenya, alikoletwa mwaka 1905, aliwekwa katika mito ya milimani, na huko Zimbabwe anavuliwa Nyanga, kwenye mwinuko wenye baridi. Baridi yetu ya Juni hututetemesha ndani ya hema, lakini ikifika Oktoba hakuna trauti atakayevumilia maji haya. Mimi nilifuata tilapia na kambare. Hata hivyo picha ile ina maana yake, kwa sababu trauti hukaa katika maji maangavu na akiuona mshipi mnene huukwepa, hivyo huvuliwa kwa mshipi mwembamba, na mshipi mwembamba haufai kitu bila breki inayoachia polepole. Aliyechora trauti kwenye boksi ametuahidi breki nzuri.

Sasa tazameni ahadi hiyo. Mshipi huu unabeba kilo 3, na kwa kawaida breki hupangwa ianze kuachia kwenye theluthi ya uwezo wa mshipi, yaani kilo moja. Nimefunga chupa yenye lita moja ya maji, ambayo ni kilo moja, na nainua fimbo: chupa inaning'inia, kigurudumu kimegoma. Naongeza nusu lita, bado kimegoma. Nalegeza kitasa hiki cha mbele robo ya mzunguko tu, taratibu kabisa, na mmesikia wenyewe kishindo cha chupa sakafuni. Narudia ili asiwepo wa kusema kwamba nimeteleza: nakaza kidogo, inagoma, nalegeza kidogo, inaanguka. Kati ya hayo mawili hakuna kitu.

Ndivyo ilivyokuwa Jumamosi asubuhi. Samaki alishika ndoana karibu na matete, akavuta mara moja kuelekea mkondoni, breki ikagoma, mshipi ukakatika, na sikumwona hata mkia. Ng'ambo ya pili alikuwapo kijana mwenye mwanzi na kipande cha mshipi, bila kigurudumu chochote, ambaye hadi saa sita mchana alikuwa ametunga tilapia wanane kwenye kamba. Alinitazama kwa adabu, lakini alinitazama. Usiku tulikula bukari, yaani ugali, kwa thomson, samaki wa kugandishwa tuliyemnunua mjini akiwa na barafu.

Baada ya jaribio hilo la chupa nimefungua kitasa, nikatoa gurudumu dogo linalozungushiwa mshipi, na ndani yake nikakuta pete tatu za kitambaa kigumu, kavu kama karatasi. Pete hizi ndizo breki yenyewe. Zikiwa kavu hunata, kisha huachia ghafla. Nimezipaka grisi kidogo, kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti kwa kila moja, nikazirudisha kwa mpangilio uleule. Sogea karibu, mpiga picha. Chupa ileile ya lita moja na nusu: naipandisha, na sasa inashuka yenyewe, polepole, huku kigurudumu kikilia tik, tik, tik. Nakaza kidogo, inapunguza mwendo. Nakiri kwamba hapa hasira yangu imeshuka pamoja na chupa.

Muuzaji alitaka dola 35, nikamlipa 28 baada ya mazungumzo marefu. Kwa 28, na grisi juu, naikubali. Kwa 35 singeichukua, kwa sababu dukani hapohapo kuna ya vipande viwili kwa dola 45 ambayo breki yake nilijaribu kuivuta kwa mkono, nayo ilikuwa laini tangu mwanzo. Tatizo ni kwamba ile haiingii katika begi la mgongoni, na kwenye basi mtu atakuvunjia ncha yake kabla hamjafika Likasi. Anayeinunua hii na aombe kuivuta kwanza palepale dukani, na muuzaji akikataa aiache.

Kuanzia wiki ijayo video zitatoka Jumatano, kwa kuwa Jumamosi nitakuwa mtoni, kwenye matete yaleyale, na pete zilizopakwa grisi.